Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupige Picha na Mgongo

Wanachama wenzangu,

Hesabu atazisoma mhazini, sitamwingilia. Mimi nitazungumzia daftari la picha za kuchora zilizomo majumbani mwetu hapa Mombasa, maana ndilo lililotushughulisha zaidi mwaka huu, na bado halijakaa sawa.

Wapo waliouliza daftari la nini na hapa hakuna vita. Basi tutazame kisa cha mchoraji wa Vienna, Johann Franz Nepomuk Lauterer, aliyefariki mwaka 1733. Picha yake moja ya mandhari ya Kiitalia ilikuwa mali ya hazina ya picha ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, ikapotea 1945. Mwaka 2011 mtu alijaribu kuiuza Chicago. Hazina hiyo ilipodai chake, akatoweka. Iliingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya sanaa zilizopotea 2012 tu, miaka 67 baada ya kupotea! Hatimaye alijitokeza mtu akisema ililetwa Marekani na jamaa yake aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia. Akataka alipwe, akakataliwa. Ilikabidhiwa kwa wenyewe Chicago, Oktoba 2023, irudi Munich kwa mwenzake, kwani zilichorwa mbili kwa jozi.

Mandhari ni taabu kuitambua. Picha ya mtu ina uso. Mandhari ina mti, kilima na maji, na nyingine mia zinavyo vivyo hivyo. Fomu nyingi za daftari mlizoleta zimeandikwa “Dau Bandarini” basi. Nusu ya kuta za Mji wa Kale zina dau bandarini. Andikeni madau mangapi, tanga limeelekea wapi, jua liko upande gani, sahihi iko kona ipi.

Vipimo ni bila fremu, kwa sentimita, kimo kwanza kisha upana. Pimeni kila upande, kwa sababu pande zinazotazamana za picha kuukuu mara chache huwa sawasawa.

Picha za kamera ni tatu. Ya kwanza ni ya uso, kamera ikiwa sambamba na kitambaa kilichochorwa, bila flashi, la sivyo vanishi itang'aa na kufuta nusu ya mchoro. Ya pili ni ya mgongo, na hii ndiyo karibu kila mtu aliisahau: huko ndiko kuna lebo za zamani, mihuri, nambari, viraka na misumari. Ya tatu hupigwa gizani, tochi ikilazwa ubavuni ili mwanga uteleze juu ya rangi. Nyufa zitajitokeza, na nyufa za picha mbili hazifanani. Umuhimu wake ni huu: mwizi mwenye haraka hukata kitambaa kwa wembe na kuacha fremu na mbao zinazokaza kitambaa, pamoja na nambari ya daftari uliyoiandika hapo.

Nambari hiyo iandikwe kwa penseli laini kwenye mbao hizo za ndani. Kalamu ya wino kwenye kitambaa ni kosa. Wino hupenya, na mkandamizo huacha alama mbele. Lebo za kubandika kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu huachia, na za gundi ya wanga huliwa na mende.

Nakala ya daftari ikae jengo jingine, moja iwe ya karatasi. Picha ikiibwa, iripotiwe polisi siku hiyo hiyo na fomu mkononi: kumbukumbu ya sanaa zilizoibwa ya Interpol, shirika la polisi la kimataifa, haipokei taarifa ya mtu binafsi, hupitia ofisi yao ya nchi husika. Kutafuta ndani yake, lakini, ni bure kwa yeyote kupitia programu ya simu ya ID-Art, iliyotoka 2021. Mnunuzi aitafute picha humo kabla ya kutoa pesa.

Fomu zisizo na picha ya mgongo zimerudishwa kwa wenyewe. Asiye na rula ya chuma aazime kwa katibu.