Kabla Hujakata Ekseli ya Gari Lako la Zamani

Wenye Escort, Datsun na Mustang za zamani wanaotupigia simu gerejini huja na ombi moja: "Fundi, nataka tairi pana za nyuma, zile za kujaza madigadi." Wengine wameshazinunua Kirinyaga Road na kuzifunga, na sasa kila tuta la Jogoo Road linakwangua mpira. Kisha mtu akawashauri waweke spesa, yaani kipande cha chuma kinachokaa kati ya rimu na ekseli. Spesa husukuma gurudumu nje, na huko nje ndiko linakogusa! Utalipia kuongeza tatizo.

Tairi ikiwa pana hutaka nafasi pande zote mbili. Ndani kuna springi na chesisi, nje kuna ukingo wa madigadi. Kama ndani bado kuna nafasi, rimu yenye ofseti tofauti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye ekseli) itavuta gurudumu ndani, na ekseli isiguswe. Hilo ndilo tunaloangalia kwanza, ingawa kazi ya ekseli ndiyo yenye pesa.

Rimu isipotosha, inabidi ekseli ya nyuma ifupishwe ili magurudumu yaingie ndani, na kwanza tunapiga hesabu. Tuseme kutoka ukingo wa madigadi ya kushoto hadi ya kulia ni milimita 1,600. Sisi huacha 25 kila upande, zinabaki 1,550. Ukitaka tairi ya 255, yaani yenye upana wa milimita 255, toa 255: katikati ya gurudumu moja hadi katikati ya jingine ni 1,295. Kwa rimu yenye ofseti sufuri, hapo ndipo vikao vya rimu, yaani pale rimu zinapofungwa kwenye ekseli, vinapaswa kuwa. Kama ekseli yako ina 1,400 kutoka kikao hadi kikao, inafupishwa kwa 105. Sasa tazama ndani. Kati ya tairi na tairi zimebaki 1,040, na ukiacha tena 25 kila upande, springi zako zisizidi 990 kutoka nje hadi nje. Zikizidi, ama upunguze upana wa tairi, ama springi zihamishwe ndani, na hiyo ni kazi ya kukata bodi. Wengi wakifika hapa huchagua tairi ya 225, na hatuwalaumu.

Hata hivyo, 255 ya kampuni moja si lazima ilingane na 255 ya nyingine, na tairi ileile ikivishwa rimu iliyozidi nusu inchi kwa upana hutanuka kama milimita 5. Kwa hiyo hatukati chuma mpaka tairi iwe kwenye rimu yake na imejazwa upepo. Kushoto na kulia hupimwa kila upande peke yake, maana bodi ya miaka 50 iliyogongwa na kunyooshwa mara kadhaa huwa haiko sawa. Tunapaka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, tunapandisha ekseli kwa jeki mpaka igote juu, kisha tunaangalia chaki imefutika wapi.

Mirija ya ekseli huchomelewa ikiwa imeshikiliwa na nondo nene iliyonyooka, iliyopita kwenye vikao vya beringi, ili joto lisiipinde. Kwenye difu nyingi pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela (shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi), haiko katikati, kwa hiyo pande mbili hazikatwi ovyo. Propela lazima ibaki kwenye mstari wake.

Hafushafti, yaani shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, ni habari nyingine. Usikubali ikatwe katikati na kuchomelewa, hata kwa bei ya jioni. Hufupishwa kwa kuchongwa meno mapya kwenye mashine, na zile zinazopungua unene nyuma ya meno hazina nyama ya kutosha, hivyo hutengenezwa mpya.

Ukitoka 205/60R15 ukaenda 255/60R15 (60 ni kimo cha ukuta wa tairi kwa asilimia ya upana, 15 ni rimu kwa inchi), kipenyo kinapanda kutoka milimita 627 hadi 687. Mshale wa spidi ukisoma 80, wewe unakwenda karibu 88, na mlima wa Limuru gari litaupanda likiwa zito zaidi. Mvua za Aprili nazo, tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko nyembamba. Kampuni yako ya bima ijulishwe kabla kazi haijaanza.

Kupima hakuhitaji siku nzima, na bei ya kazi tunaitaja baada ya hapo, si kwenye simu. Njoo na tangi lenye mafuta, na gurudumu la akiba likiwa ndani ya buti, ili gari likae nyuma kama linavyokaa ukiliendesha.