Shukrani kwa mwalimu aliyevuka bahari hadi Siyu

Mwalimu, ulinikataza kukutaja jina, nami nitakutii. Ila jambo lenyewe silifichi.

Mwanangu alivunjika mguu akiwa kidato cha nne, bahari imechafuka kwa kusi, akabaki kitandani hapa Siyu, kisiwani Pate, na shule iko ng'ambo, Amu (mji wa Lamu). Nilishaikatia tamaa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Jumamosi ukatokea mlangoni, nguo zimerowa, madaftari umeyafunga ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa umewazungukia walimu wenzako ukakusanya mazoezi ya kila somo, hata kemia usiyoisomesha. Ukaketi naye barazani mpaka alasiri, ukamwachia kazi, na wiki iliyofuata ukarudi kuisahihisha. Ikawa ndiyo desturi hadi alipoweza kutembea. Alipokosea hukumwambia “si neno”. Ulimrudisha mwanzo mpaka apate. Hilo ndilo nililolipenda zaidi, maana huruma peke yake haimfaulishi mtu hesabu.

Wazazi wenzangu, tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Mkiwa na mwalimu kama huyu, mwandikieni barua mkuu wake wa shule, asiwe anapelekewa malalamiko tu.

Na wewe mwalimu, nauli uliikataa. Kamba wa kitoweo nimeshampa nahodha akuletee, tafadhali usiwarudishe.