Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: mwaka ambao mlango wa SBIR ulifungwa

Ndugu wanachama wenye kampuni ndogo, salaam sana popote mlipo, wa Maryland na Virginia, wa Texas na hata ninyi wa kule Seattle. Najua wengi mnasoma hii kwenye simu mkiwa kazini, ila naomba msome yote manake mwaka huu umetugusa mfukoni kila mmoja.

Nianze na lililo kubwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2025 sheria inayoipa uhai SBIR, yaani mpango wa serikali ya Marekani wa kuzipa kampuni ndogo pesa za utafiti, pamoja na pacha wake STTR (ule wa kampuni ndogo kushirikiana na chuo au taasisi ya utafiti) iliisha muda wake, Kongresi haikuelewana kuiongeza, na kesho yake serikali yenyewe ikafunga ofisi kwa kukosa bajeti na ikakaa hivyo siku 43 mpaka Novemba 12. Serikali ilipofunguliwa tukashangilia kwenye grupu, kumbe SBIR haimo, na mwaka umeisha hivyo hivyo. Waliosaini mikataba kabla wanaendelea na kazi zao ila wenzetu waliomaliza Awamu ya Kwanza (ya kujaribu wazo) na walikuwa wanasubiri ya Pili (ya kulitengeneza) wamekaa tu, na mmoja wao ana wafanyakazi wawili wenye familia ambao amewalipa kwa akiba yake mwenyewe toka Oktoba. Dada yetu huyo namsifu mbele yenu wote, jina silitaji kwa ombi lake.

Kwa wanachama wapya niseme kidogo hii kitu ni nini. Ilianza kama jaribio mwaka 1977 pale NSF, taasisi ya taifa ya sayansi, chini ya mtu anaitwa Roland Tibbetts, aliyeamini kampuni ndogo zina vichwa vizuri ila hazipati nafasi kwenye pesa za utafiti za serikali, halafu mwaka 1982 Rais Reagan akasaini ikawa sheria. Kila idara ya serikali yenye bajeti inayozidi dola milioni 100 kwa utafiti unaofanywa na watu wa nje ya idara inalazimika kutenga asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo, na kwa kuwa wizara ya ulinzi ndiyo yenye utafiti mkubwa kuliko wote basi fungu lake ndilo nono. Sio mkopo na serikali haichukui hisa hata moja kwenye kampuni yako. Lazima zaidi ya nusu ya kampuni imilikiwe na raia wa Marekani au wenye grinikadi, na wafanyakazi wasizidi 500. Sisi wengi wetu tuko watatu wanne gereji, kwa hiyo hapo hatuna shida.

Kilichokwamisha Seneti ni mabishano ambayo mimi nayachukulia kwa uzito. Seneta Joni Ernst wa Iowa alitaka kuwe na kikomo cha jumla ya pesa ambazo kampuni moja inaweza kupata, alipendekeza dola milioni 75, sababu kuna kampuni zimeishi miaka na miaka kwa kuandika maombi tu bila kufikisha bidhaa kwa askari. Upande wa pili Seneta Edward Markey wa Massachusetts alitaka programu iwe ya kudumu isiwe inaisha kila baada ya miaka kadhaa. Kwa maoni yangu wote wana hoja, hasira juu ya hizo kampuni naielewa, lakini jamani anayeumia mlango ukifungwa ni mdogo, mkubwa ana mikataba mingine na benki inamjua. Nimeandika barua kwa niaba ya chama kwa ofisi za maseneta wa majimbo yetu, na nawaomba kila mmoja aandike ya kwake kwa maneno yake, aeleze kampuni yake inafanya nini na imeajiri nani.

Sasa mambo ya ndani. Mwanzoni mwa mwaka mwenzetu alikosa kutuma ombi zuri sana la kifaa cha kugundua droni kwa sauti, kazi ya miezi, kwa sababu alijua siku ya mwisho ni siku nzima. Portali ya wizara ya ulinzi, tovuti ya kutumia maombi, inafunga saa sita kamili mchana kwa saa za Washington, kwa aliyeko Seattle hiyo ni saa tatu asubuhi! Tafadhali tumeni siku mbili kabla.

La pili limeniuma zaidi. Mwanachama alikabidhi ripoti ya mwisho na michoro yote bila kuweka ile chapa ya haki za SBIR kwenye kurasa. Sheria inakupa ulinzi wa miaka 20 kuanzia siku ulipopewa mkataba, serikali inaweza kutumia data yako ila haiwezi kumpa mshindani wako akatengeneze, LAKINI data isiyo na chapa inahesabika umeitoa bure kabisa, yaani serikali inaweza kumpa yeyote. Bahati nzuri kuna miezi sita ya kuomba kurekebisha, tukawahi. Kabla ya kukabidhi kitu chochote naomba mtu wa pili apitie kila ukurasa, hata kama ni mke wako au mume wako.

La tatu nalisema kwa upendo wote. Tuna vijana wazuri sana wa softwea Dar na Nairobi, ni wadogo zetu, na bei zao tunazimudu, ila kazi ya SBIR inatakiwa ifanyike hapa Marekani, na ukiwa kwenye mada iliyo chini ya ITAR, ile sheria ya Marekani ya kudhibiti silaha na taarifa zake kwenda nje, kumtumia faili mtu aliyeko nje ni sawa na kusafirisha silaha bila leseni. Hata hapa hapa ofisini, mwenye grinikadi anahesabika mtu wa Marekani kwa sheria hiyo, mwenye viza ya kazi ya H-1B hapana, kwa hiyo ukimfungulia mchoro kwenye skrini bila leseni umeshavunja sheria. Nimeulizwa mara nyingi mwaka huu na watu wanaona aibu kuuliza hadharani. Ulizeni tu. Wadogo zetu tuwatafutie kazi nyingine za kiraia na tuwalipe vizuri, ila hizi za jeshi zibaki hapa.

Kuhusu usalama wa kompyuta, toka Novemba 10 wizara ya ulinzi imeanza kuweka kwenye mikataba masharti ya CMMC, yaani madaraja ya usalama wa kompyuta ambayo kampuni inatakiwa kuyafikia. Ukishika taarifa nyeti unaingia daraja la pili ambalo lina masharti 110 na ni gharama kweli kwa kampuni ya watu watatu. Usilipe mshauri kabla hujaenda APEX Accelerators, vituo vya kusaidia kampuni kupata mikataba ya serikali, wapo kila jimbo, wanachangiwa fedha na wizara yenyewe na msaada wao mara nyingi ni bure. Mimi nimekwenda, walinisaidia kwa moyo.

Hesabu za fedha mweka hazina atazituma mwenyewe wiki ijayo, ada haipandi.

Wakati tunasubiri Kongresi kamati imekubali tusikae bure. Usajili wa SAM, daftari la serikali la kampuni zinazotaka mikataba yake, unaisha kila mwaka na kuuhuisha kunaweza kula wiki kadhaa, hivyo kila mmoja aangalie wake leo, maana mlango ukifunguliwa ukakuta usajili umekufa utabaki nje. Jumamosi ya kwanza ya Februari tutakutana kwenye Zoom saa nane mchana za Mashariki, kila mwenye ombi alilokataliwa mwaka huu aje na maoni ya wakaguzi, tutayasoma pamoja mstari kwa mstari, ila tutaanza na lile la kifaa cha droni, ingawa halikuwahi kufika kwa wakaguzi, kwa sababu mwenyewe ameshakubali na anataka kulituma safari hii.