Chaja ya gari la umeme: kagua ethi kabla ya kuuliza kilowati

Mhariri,

Wengi wanaoagiza magari ya umeme kutoka Japani huanza kwa kuulizia chaja ya kilowati 7. Wangeanza na gari lenyewe. Boksi la ukutani, au lile la kubeba, ambalo watu huliita chaja, ni swichi tu yenye ulinzi. Chaja halisi imo ndani ya gari. Nissan Leaf za soko la Japani zipo zenye chaja ya ndani ya kilowati 3 na zenye kilowati 6. Ile ya 3 itavuta 3 tu hata ukiifungia boksi la bei mbaya kiasi gani.

Kisha angalia tundu. Leaf ya Japani huwa na tundu la pini tano (Aina ya 1). Magari mengi ya Ulaya na yale yaliyotengenezwa kwa soko la China yana pini saba na yanafanana kwa sura, lakini plagi zake haziingiliani. Waya uliokuja na gari la Japani soma kibandiko chake: ukiandikwa volti 200 peke yake, usiuchomeke kwenye 230 zetu kwa adapta ya dukani.

Kwa chaja ya kubeba, nunua inayoruhusu kupunguza ampea. Soketi ya ampea 13 haikukusudiwa kubeba ampea zote 13 usiku kucha. Weka 10, yaani kilowati 2.3. Mwendo wa kilomita 50 mjini hula takriban uniti 8, hivyo saa nne zinatosha. Ekstensheni hapana.

Ugonjwa mkubwa ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi zina waya wa ethi usiofika ardhini, au nondo iliyozikwa kwenye mchanga mkavu. Chaja nzuri hugundua, huwasha taa nyekundu na kugoma. Hapo ndipo fundi mjanja huunganisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi ndani ya soketi. Taa inakuwa kijani, mteja anafurahi. Siku nyutro ikikatika, bodi ya gari inakuwa na umeme, na anayeshika mlango amesimama kwenye sakafu yenye maji. Anayekufanyia hivyo mfukuze. Lipia nondo mpya na upimaji wake.

Ukifunga boksi la ampea 32, vuta waya wake wa shaba wa milimita 6 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya umeme (umbali ukiwa mrefu, 10), breka ya ampea 40, na kinga ya mvujo (RCD, inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ya aina A, boksi likiwa na kigunduzi cha mvujo wa DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) wa miliampea 6. Bila kigunduzi hicho, nunua aina B. Aina AC, iliyo rahisi kupatikana, inaweza kupofushwa na mvujo wa DC.

Baada ya nusu saa ya kuchaji, shika plagi. Ikiunguza mkono, au tundu la laivu likiwa na duara la kahawia, zima kwenye bodi ya umeme na ubadilishe soketi nzima. Kukaza skrubu peke yake hakutoshi, shaba imeshaungua.

Fundi umeme,
Dar es Salaam