Nyumba ya chai ya Kijapani haiagizwi kwa meli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu mpango wa kujenga nyumba ya chai ya mtindo wa Kijapani, yaani kijumba cha kuandalia na kunywea chai kwa utaratibu maalumu, ndani ya msitu, kwa ajili ya wageni wanaotafuta utulivu. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Kilichonishtua ni orodha ya vifaa: mbao za kuagiza Japani, mikeka ya kuagiza Japani, vioo vya ukuta mzima, na jukwaa la zege la kubeba vyote hivyo, kisha jengo hilo likaitwa rafiki wa mazingira. Mimi ni fundi seremala, na nilipata bahati ya kujifunza kazi kwa mwaka mmoja karibu na mji wa Kyoto, Japani. Naona waliochora ramani ile wameiga sura ya nyumba ya chai na kuiacha akili iliyoizaa.

Nyumba ya chai mashuhuri kuliko zote zilizobaki Japani ni Tai-an, iliyopo katika hekalu la Myoki-an huko Yamazaki, ambayo inaaminika kuwa ni kazi ya bingwa wa chai Sen no Rikyu na hukadiriwa kujengwa mwaka 1582. Wageni hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo nami niliishia kuchungulia kutoka nje. Sehemu ya kukalia ni mikeka 2 tu, yaani pungufu ya mita 4 za mraba, na kuta zake ni za udongo uliochanganywa na mabua, ambayo bado yanaonekana yamejitokeza. Dirisha lake moja ndilo lililonifanya nicheke peke yangu: fundi aliacha kukandika sehemu ya ukuta, fito zilizofungwa kwa kamba zikabaki wazi, mwanga ukapita. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo anaijua sehemu kama hiyo, ila kwetu huiona ni ukuta unaosubiri kumaliziwa. Rikyu aliichukua kutoka katika nyumba za wakulima kwa makusudi, wakati bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, alikuwa na chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu.

Udogo ule una hesabu yake. Mlango wa mgeni katika nyumba za aina hii hauzidi sana sentimita 60 kila upande, hata mpiganaji aliacha upanga nje na kuingia akitambaa, na chumba cha namna hiyo hupata joto kwa jiko moja la mkaa lililozamishwa sakafuni. Mkaa unaothaminiwa kwa chai hutokana na mti uitwao kunugi, ambao hukatwa, kisiki kikachipua, na baada ya miaka kadhaa hukatwa tena palepale. Hivyo msitu ulioizunguka nyumba uliipa nguzo, fito na moto bila kumalizika. Jengo la mita 100 za mraba lenye kuta za vioo haliwezi kudai undugu na hesabu hiyo, hata likizungushiwa mianzi.

Kuna jambo la pili ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ni kufunguka. Nguzo za Kijapani za zamani husimama juu ya mawe, hazizikwi ardhini, na maungio yake hukatwa ili yaweze kuachanishwa. Nyumba ya chai iitwayo Jo-an, iliyojengwa Kyoto mwanzoni mwa karne ya 17 na Oda Uraku, imekwisha kuhamishwa hadi Tokyo, kisha Oiso, na mwaka 1972 ikasimamishwa tena Inuyama, na bado ni hazina ya taifa. Kwa jengo la msituni sifa hii ina uzito mkubwa, kwa sababu nguzo iliyooza chini hubadilishwa peke yake, mchwa huonekana mapema wakipanda juu ya jiwe, na siku biashara ikishindikana kinachobaki ni mawe. Zege halitoki.

Wala sisemi kwamba ni lazima kunakili mambo ya karne ya 16. Mwaka 2004 Terunobu Fujimori, mwanahistoria wa usanifu majengo, alijijengea nyumba ya chai huko Chino, mkoani Nagano, akaipandisha juu ya magogo mawili ya mti wa chestnut yaliyokatwa katika mlima wa jirani, na mtu huifikia kwa ngazi. Haifanani na Tai-an hata kidogo, lakini kanuni ni ileile: ndogo mno, na magogo yake yametoka pale pale karibu.

Kwa hiyo, kama gazeti litaandika tena kuhusu mradi huo, naomba mwandishi awaulize wahusika maswali ambayo fundi yeyote angeuliza kabla ya kushika msumeno. Nguzo zitatoka katika shamba gani la miti, na umbali gani? Maji ya kuoshea mikono ya wageni yatatiririkia wapi? Na ukuta ukipasuka baada ya masika mawili, ni fundi gani wa kijiji cha jirani ameandaliwa kuukandika?

Msomaji wako,
Fundi seremala,
Lushoto, Tanga