Kwa Makatibu wa Timu Zetu za Mtaani

Wanangu,

Jumapili nilirudi nyumbani na uchungu. Kwenye fainali, zawadi ya mfungaji bora alikabidhiwa kijana asiyestahili, na mwenye haki yake kasimama pembeni, viatu mkononi, machozi yakimlengalenga. Nilipomuuliza katibu daftari la wafungaji liko wapi, akanijibu, "Mzee, tunaweka kichwani." Kichwani!

Hebu sikilizeni kisa cha mchezaji mpira Bert Patenaude. Ni mzaliwa wa Fall River, mji wa viwanda vya pamba huko Massachusetts, Marekani. Mwaka 1930, Kombe la Dunia la kwanza kabisa, alikuwa na miaka 20. Tarehe 17 Julai, mjini Montevideo, Marekani iliichapa Paraguay 3–0, na mabao yote matatu aliyatia yeye. Kabla yake hakuna aliyekuwa amefunga hat-triki kwenye Kombe la Dunia. Lakini waandishi hawakuafikiana: huyu kaandika bao moja ni la mwenzake Tom Florie, yule kaandika Paraguay walijifunga wenyewe. Siku mbili baadaye Guillermo Stábile wa Argentina akaitandika Mexico matatu, na sifa ya kuwa wa kwanza ikahamia kwake. Simlaumu Stábile, mabao yake ni halali. Namlaumu aliyeshika kalamu.

Miaka 76, wanangu! FIFA ilikuja kumrudishia haki yake Novemba 2006. Patenaude alikuwa kaburini tangu 1974, amefariki siku ile ile aliyotimiza miaka 65. Bao alifunga kijana, haki ikamkuta ni jina tu.

Na hiyo ni mechi iliyoandikwa magazetini. Sisi je? Fedha ya spika tunachanga, soda za mgeni rasmi hazikosekani, jukwaa linapambwa. Daftari moja linatushinda. Tumezoea mno kumtukuza anayegawa zawadi kuliko kijana aliyeivujia jasho, na hilo halipo uwanjani peke yake.

Mwamuzi naye aandike. Andikeni majina kamili, si ya utani. Makatibu wote wawili watie sahihi kabla watu hawajatawanyika.

Kijana yule kila jioni yuko uwanjani, anapiga mipira peke yake kwenye goli la upande wa mwembe. Nendeni nyote, wiki hii hii, mkamwombe radhi. Daftari nimeshanunua. Mpitie kwangu mlichukue, jina lake liwe la kwanza.

Mzee wenu.