RISALA YA KIKUNDI CHA WAFUGAJI WA KANDO YA ZIWA VICTORIA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji, wazee wetu, itifaki imezingatiwa. Karibu, na pole kwa safari. Barabara umeiona mwenyewe, leo hatutaizungumzia.

Kikundi kilianzia chini ya mwembe. Sasa tuna ofisi ya chumba kimoja, mhuri na akaunti benki. Tulipanda miti, na iliyopona inaendelea vizuri. Kwa mafanikio haya makubwa tunaishukuru Serikali.

Mheshimiwa, tatizo letu ni moja. Jua likiwa kali na ziwa likitulia, maji ya Ghuba ya Mwanza hugeuka kijani, kisha upepo husukuma utando mzito kama mlenda hadi ufukweni, palepale ng'ombe wanapoteremka kunywa. Afisa mifugo alitueleza kuwa hizo ni sianobakteria, yaani bakteria wa majini wenye rangi ya kijani, zinazoneemeka kwa mbolea na majitaka yanayotiririkia ziwani, na baadhi yake hutoa sumu. Iitwayo maikrosistini hushambulia ini: mnyama hukataa malisho, hudhoofika, na akiwa amekunywa nyingi hufa. Anatoksini hushika neva. Mnyama hutetemeka, misuli ya kupumulia inagoma, na anaweza kufa kabla hujampata afisa kwa simu. Dawa ya kuizima sumu haipo. Mbwa nao huipata wanapojilamba manyoya baada ya kuogelea. Kuchemsha maji hakuiondoi, habari ambayo akina mama waliipokea vibaya, maana kuni wamezimaliza.

Haya si maneno ya vilabuni. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa Ziwa Manyara na Momela Kubwa, na watafiti wakaitaja sumu ya sianobakteria kuwa huenda ndiyo chanzo. Mwaka 2020 huko Botswana walikufa tembo wapatao 330, na serikali ya huko ikataja sianobakteria. Ikiwa tembo anaanguka, ndama wetu atasimama na nini?

Tunaomba kisima kirefu chenye mbauti ya kunyweshea, mbali na ufukwe, maji yake yakiwa yamepimwa. Eneo tumetenga na muhtasari wa mkutano mkuu upo. Mawe tumesomba. Mchanga pia tulisomba, kwa kuwa mgeni rasmi aliyekutangulia alituambia kazi ingeanza baada ya miezi mitatu. Mvua imeondoka na nusu yake. Aliyemtangulia yeye alileta wapimaji, wakapiga picha, wakachomeka kigingi. Kigingi kipo, ng'ombe wanajikunia. Hatumlaumu mtu, viongozi wana majukumu mengi, na makofi tuliyowapigia hatuyadai.

Kwako, Mheshimiwa, tunaomba utaje tarehe kabla ya chakula. Katibu ataiandika kwenye daftari la mahudhurio, nawe utatia saini.

Tunaomba kuwasilisha.